Bundi wa shangazi na njiwa wa mzee: mnyama anabebaje huzuni kwenye haiku?

*"Shikamoo mwalimu. Mzee wetu alifariki mwezi wa nne, tangu hapo naandika haiku kwenye simu usiku maana usingizi hauji vizuri. Nilisoma mahali kwamba kwenye haiku mnyama ndo anabeba hisia, nikaandika hii: Bundi alia / moyo una majonzi / baba hayupo. Shangazi kaisoma akasema nifute haraka, bundi anaongeza mkosi juu ya msiba. Rafiki yangu anayesoma fasihi chuoni akasema haiku ya kweli haitaji hisia, mnyama haruhusiwi kuwa na hisia za binadamu, na tena Kiswahili hakiwezi haiku kwa sababu silabi zetu sio zao. Mwenyewe nikiisoma naona ni kama methali iliyokatwa vipande vitatu. Nakosea wapi? Muda wenyewe wa kutulia sina, mchana niko dukani, saa kumi jioni inabidi nikalishe njiwa wa mzee ambao mpaka leo hawajanizoea, wakiona mkono wangu wanaruka. Nifanyeje mnyama aseme ninachohisi?"*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Unachouliza naona ni vitu viwili umevifunga pamoja, kimoja ni cha ufundi, yaani mnyama anabebaje hisia, na kingine ni kwamba umeandika shairi, umelihesabu, limekaa sawa, lakini ukilisoma halifanani kabisa na unavyojisikia. Hicho cha pili ndo kinakuuma, ila dawa yake iko ndani ya cha kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwanza tumalizane na rafiki yako. Haiku ni shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu yenye silabi (mizani) 5, 7 na 5, na hilo la Kiswahili kuliweza au kutoliweza lifute kabisa kichwani. Wajapani wanahesabu mapigo madogo ya sauti, irabu ndefu kwao inahesabiwa mara mbili, na ile n yao inayofunga silabi inahesabiwa peke yake, ndo maana jina la mji wa Tokyo kwao ni mapigo manne, to-o-kyo-o. Sasa tuangalie sisi: saa ni sa-a, kondoo ni ko-ndo-o, na ile m ya mkono inasimama yenyewe, m-ko-no, mizani tatu hizo. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani za tarbia, shairi letu la mishororo minne kila ubeti, hana anachopungukiwa, nadhani anayehangaika zaidi ni Mwingereza. Tena haiku nzima ni mizani 17 wakati mshororo mmoja wa tarbia ni 16, nane kwa nane, kwa hiyo ukitaka kujua udogo wa haiku chukua mshororo mmoja tu, ongeza mizani moja, basi, hapo ndo pa kumalizia kila kitu. Na usiwe mtumwa wa hesabu pia, mshairi mkubwa wa Kijapani Matsuo Bashō mwenyewe (1644–1694) ana haiku maarufu sana ya kunguru aliyetua kwenye tawi lililokauka jioni ya majira ya kupukutika majani, mstari wake wa kati una mapigo tisa badala ya saba na hakuna aliyemnyang'anya sifa. Yako imekaa 5-7-5 bila kasoro, kwa hiyo tatizo halipo huko.

La pili, kwamba haiku haitaji hisia kwa jina. Hapa ana nusu ya ukweli. Ni kweli haiku nyingi nzuri hazitaji, lakini hakuna sheria. Bashō huyohuyo mwaka 1694, mwaka aliokufa, aliandika kuhusu paa dume wanaolia usiku kule Nara, na neno la huzuni limo humo wazi kabisa. Ila angalia kaliweka wapi, hakuliweka moyoni kwake, kaliweka kwenye ule mkia wa sauti, pale mlio unapovutika halafu unafifia. Huzuni ya pale ina mahali pa kukaa, ni kitu unachokisikia kwa sikio. Yako wewe imekaa "moyoni", na moyoni ni mahali ambapo msomaji hana mlango wa kuingilia, atakuamini tu kwa adabu, atasema pole, atapita.

La tatu, mnyama kuwa na hisia za binadamu. Kama ingekuwa marufuku basi tungemtupa nje mshairi mwingine wa Kijapani, Kobayashi Issa (1763–1828), mzima mzima, manake yule bwana alikuwa anaongea na vyura, shomoro, nzi na viroboto kama majirani zake. Kuna haiku yake anamwambia chura mwembamba aliyekuwa anapigana asikubali kushindwa, Issa yupo hapa pamoja naye. Aliiandika 1816, na mwaka huohuo mwanawe wa kwanza alizaliwa akafariki akiwa bado mchanga. Kuna nyingine anamwita shomoro yatima waje wacheze wote, na Issa mwenyewe alifiwa na mama akiwa mtoto mdogo sana. Hata Bashō, anayeonekana mtulivu, alipokuwa anaagana na marafiki mwaka 1689 kuanza ile safari yake ndefu ya kaskazini aliandika kwamba masika ya kwao, yaani majira majani yanapochipua, yanaondoka, ndege wanalia na macho ya samaki yana machozi. Macho ya samaki! Samaki yuko ndani ya maji, machozi utayaonaje? Lakini kila aliyewahi kumtazama samaki sokoni anajua yale macho yalivyo na majimaji na hayafumbi, kwa hiyo uongo wake umesimama juu ya kitu cha kweli. Hiyo ndo tofauti, rafiki yako aishike hiyo badala ya marufuku.

Sasa twende kwa bundi, na hapa nitamtetea shangazi yako, sio kwa sababu ya mkosi, ila kama msomaji amesoma sawasawa kabisa. Sisi wanyama wetu tumewapokea kutoka kwenye hadithi na methali wakiwa tayari wamepewa kazi. Sungura mjanja, fisi mlafi, punda mvumilivu, kinyonga kigeugeu, kondoo mpole, bundi msiba. Ukisema tu bundi alia, msomaji wa kwetu ameshamaliza shairi, anajua kuna kifo, mistari miwili iliyobaki inamwambia kitu alichokijua tangu neno la kwanza. Ndo maana wewe mwenyewe ukasikia harufu ya methali. Bundi wako hajalia mahali popote, hakuna mti, hakuna saa, ni bundi wa kwenye hadithi kaja kufanya kazi yake ya siku zote.

Usidhani Wajapani wao hawana mzigo huo, wanao mkubwa kuliko wetu. Kwenye haiku ya jadi lazima kuwe na neno la majira, wanaliita kigo, na wanyama wengi wana majira yao: chura ni masika yao, nyenze ni kiangazi, paa dume anayelia ni wakati majani yanapukutika. Kuna ndege wao mmoja, hototogisu, inasemwa analia mpaka anatema damu, na mshairi Masaoka Shiki (1867–1902) alipoanza kukohoa damu kwa kifua kikuu alijipa jina hilo la Shiki ambalo ni jina lingine la ndege huyohuyo. Huyo Shiki ndo aliyelisimamisha neno haiku kama tunavyolitumia leo, na ndo aliyewahimiza watu wachore kwa maneno kile walichokiona kwa macho yao. Kwa hiyo mzigo upo. Suala ni unaufanyia nini.

Bashō alifanya hivi. Kabla yake washairi wa Japani kwa karne nyingi walikuwa wakimtaja chura kwa sababu ya sauti yake, chura alikuwa mwimbaji kama bundi wako alivyo mtangaza vifo. Mwaka 1686 Bashō akaja na bwawa la zamani, chura akaruka ndani, na kilichosikika ni sauti ya maji. Chura hakuimba! Watu walikuwa wamekaa wanasubiri wimbo, wakapata mruko na maji. Mnyama yuleyule, majira yaleyale, ila kafanya jambo lake la kweli ambalo hakuna aliyekuwa amelipa nafasi. Kwa hiyo kama bundi unamtaka sana, hakuna wa kukuzuia, ila usimlize. Bundi ana mambo mengi mbali na kulia, anageuza shingo mpaka unaogopa, anakaa mahali pamoja saa nzima, na akiruka mabawa yake hayasikiki kabisa, manyoya yake yameumbwa hivyo ili panya asimsikie akija. Mfano tu wa haraka haraka:

Bundi karuka,
bawa bila sauti —
kiti cha baba.

Sisemi ni nzuri sana, mstari wa tatu umejileta mno kwa ladha yangu, lakini ona bundi kaacha kutangaza kifo, kaondoka tu bila sauti. Shangazi akiisoma hii sijui atasema nini, pengine bado atataka ifutwe.

Na hapa ndo tunafika kwenye mtambo wenyewe. Haiku ina mkato. Wajapani wana vineno vya kukatia kama ya, kana na keri, havina maana kubwa peke yake lakini vinasimamisha pumzi na kuacha pengo kati ya sehemu mbili. Upande mmoja bundi, upande mwingine kiti. Hakuna aliyesema vinahusiana vipi, hakuna "kama" wala "ndivyo", na akili ya msomaji haivumilii pengo, lazima iruke yenyewe, na katika kuruka ndo hisia inazaliwa, ndani yake yeye. Ukiweka pale katikati "moyo una majonzi" umelijaza pengo, umemrukia. Ni kama kueleza mzaha kabla watu hawajacheka. Sisi hatuna vineno hivyo vya kukatia, kistari kinatosha, au kuvunja mstari mahali pazuri. Kuna wanaopenda kutumia "kumbe" kama mkato, mimi huwa nasita, manake kumbe inamwambia msomaji ashangae, na mtu aliyeamrishwa kushangaa mara nyingi hashangai.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, nifanyeje mnyama aseme ninachohisi, nataka uligeuze kidogo. Mnyama asiseme unachohisi. Aache kabisa kazi ya kukuwakilisha, afanye shughuli zake, wewe uwe jirani tu. Akianza kuvaa nguo zako na kulia machozi yako anakuwa katuni. Akiendelea kula, kujikuna, kuruka, kukataa, wakati wewe umefiwa, hapo ndo msomaji anaona msiba ulivyo, manake hata sisi msibani kinachotuumiza ni kwamba kuku wanaendelea kuchakura uani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda. Toa jina la mnyama, weka mwingine. Kama shairi halijaharibika basi yule wa kwanza alikuwa pambo. Jaribu: kunguru alia, moyo una majonzi, baba hayupo. Unaona? Hakuna kilichopotea. Mizani moja tu imezidi mstari wa kwanza. Weka hata mbwa, ni yaleyale. Halafu kipimo kingine, futa mstari unaokutaja wewe na hisia zako usome kilichobaki, ukiona kimebaki kitu kinachokukereketa hata kidogo, hapo pana shairi.

Sasa mwanangu, rudi kwenye meseji yako mwenyewe uisome mwisho. Umelalamika huna muda kwa sababu saa kumi unalisha njiwa wa mzee, na hawajakuzoea, wakiona mkono wako wanaruka. Umeitaja kama usumbufu tu, unaniomba radhi. Mimi nilipofika hapo nilisimama. Wale njiwa hawajui habari ya msiba, hawana majonzi hata chembe, wao wanajua mkono mmoja tu na huo uliokuja sio wenyewe. Sentensi ile haina neno la huzuni hata moja na imenigusa kuliko bundi na moyo wake wote. Nimeijaribu hivi:

Njiwa wa baba
watua na kuruka —
mkono wangu.

na hivi:

Njiwa wa baba,
wautazama kwanza
mkono wangu.

Mizani hesabu mwenyewe. Ya kwanza ina mkato mkali, mkono unakuja mwishoni ukiwa mtupu na wenye hatia. Ya pili ni laini, haina mkato wa maana, ni sentensi moja imetandazwa, lakini ile "kwanza" inanipendeza kwa sababu inaacha uwezekano kwamba baadaye watakula. Zote sio zako, usizichukue, mimi sijawahi kuwaona hao njiwa. Wewe ndo unajua ni mtama au mahindi yaliyovunjwa, wanatua juu ya bati au chini, kuna mmoja mkorofi anayetangulia, wanarudi baada ya muda gani, mzee alikuwa anawaita kwa mluzi au kwa kugonga bati. Zipime kwa kile kipimo: weka kuku badala ya njiwa, shairi linavunjika palepale, kuku hajali mkono wa nani.

Njia zipo zaidi ya moja na ni haki nikwambie kila moja inagharimu nini. Unaweza kuongea na mnyama kama Issa, na kwa Mswahili hii ni rahisi, nani hajawahi kumtukana mbuzi wa jirani, ila inateleza haraka kwenda kwenye kujionea huruma, na Issa alinusurika kwa sababu alikuwa na utani hata kwenye kilio. Unaweza kujiondoa kabisa ukamwacha mnyama peke yake, kama yule kipepeo wa mshairi Yosa Buson (1716–1784) aliyelala juu ya kengele kubwa ya hekalu, hakuna binadamu lakini kila anayesoma anaogopa kengele itagongwa. Hii ni ngumu na mara nyingi inatoka picha nzuri isiyo na damu. Au unajiweka kidogo sana pembeni, mkono tu, kivuli tu, ndala tu mlangoni. Kwa hali uliyonayo sasa ningekuelekeza hii ya tatu, msiba wako uko karibu mno kujiondoa kabisa na ukianza kuongea na njiwa utalia kabla ya mstari wa pili.

Majira nayo usiyasahau kwa kuogopa kwamba hatuna theluji. Tuna kumbikumbi wanaotoka mvua ikianza halafu asubuhi unafagia mabawa matupu kizingitini, tuna senene wa Bukoba, tuna korongo weupe wanaokuja kutoka Ulaya kukimbia baridi na kurudi zao, tuna upepo wa kusi na kaskazi. Neno moja la namna hiyo linamwambia msomaji ni mwezi gani na imepita muda gani tangu kuzika, bila wewe kuhesabu.

Ila kuna jambo lazima niliseme hata kama halitakufurahisha. Haiku haitambeba baba yako. Kama unachotaka ni kumweleza mzee alikuwa nani, alivyokulea, alivyofanya kazi, watu waliomzika, basi andika tarbia au utenzi, tanzia zetu, yaani mashairi ya maombolezo, ziliumbwa kwa kazi hiyo na vina vyake vinawasaidia hata wasikilizaji kukumbuka. Haiku itabeba dakika moja ya saa kumi jioni. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye simu moja.

Mambo mengine siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mkato kwa mfano unasikika kuliko unavyoonekana, tafuta watu wawili watatu wanaoandika, kikundi cha chuoni kwa rafiki yako au malenga yeyote wa hapo mtaani hata kama hajui haiku ni nini, msomee kwa sauti, angalia anapovuta pumzi. Utajifunza jioni moja kuliko barua zangu kumi.

Na la usingizi. Tangu mwezi wa nne ni muda mrefu. Kuandika usiku kunaweza kukutuliza lakini sio tiba. Kama wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, dukani unashindwa, au yanakujia mawazo kwamba afadhali na wewe usingekuwepo, usimalize usiku huo peke yako na simu, mwamshe mtu hapo nyumbani, hata huyo shangazi, na kesho yake nenda kituo cha afya uombe kuonana na daktari au mshauri nasaha, umweleze hivihivi ulivyonieleza mimi. Sheikh au mchungaji wako pia anafaa kwa maongezi, ila hospitali usiiruke.

Wiki hii usiandike haiku yoyote saa za usiku. Nenda kwa njiwa, ukitoka pale andika kwenye simu wamefanya nini tu, bila mizani, bila neno la hisia, hata ikiwa mstari mmoja wenye makosa. Zikifika tano sita nitumie hivyohivyo zilivyo, usizisafishe.